Can't Slow Down ya Lionel Richie: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni DJ wa sherehe. Si wa klabu, wa sherehe: harusi, sendofu, kipaimara, mzee kustaafu. Kazi yangu ni kutafuta wimbo ambao bibi aliyejifunga kitenge na mjukuu mwenye kipini puani watauinukia pamoja. Nyimbo za namna hiyo ni chache kuliko watu wanavyodhani, na tatu kati ya zile ninazozitegemea zimo kwenye santuri moja, Can't Slow Down ya Lionel Richie. Ndiyo maana maswali kuhusu albamu hii hunifuata hadi kwenye foleni ya chakula. Haya hapa ni yale yanayorudi kila msimu wa harusi, pamoja na majibu ambayo siwezi kuyatoa spika zikiwa zinanguruma.

Ni albamu ya mwaka gani, na huyu Lionel Richie alikuwa ametokea wapi?

Ilitoka Oktoba 1983 chini ya lebo ya Motown, na ni albamu yake ya pili akiwa peke yake. Jina lake ni kama mtu anayesema "siwezi kupunguza mwendo", na kwa kweli hakuwa ameupunguza. Alizaliwa mwaka 1949 Tuskegee, mji mdogo wa Alabama wenye chuo chenye jina kubwa kwa Wamarekani weusi, na hapo chuoni ndipo yeye na wenzake walipounda bendi ya Commodores mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliingia kama mpuliza saksafoni. Taratibu ikaonekana kwamba mpuliza saksafoni huyu ndiye anayetunga zile nyimbo zinazowaliza watu: "Easy", "Three Times a Lady", "Still". Mwaka 1980 akamtungia Kenny Rogers "Lady". Mwaka 1981 akaimba na Diana Ross "Endless Love", iliyokaa kileleni mwa chati ya Marekani majuma tisa. Kufikia hapo bendi ilikuwa imeshakuwa nguo ndogo kwake. Mwaka 1982 akatoa albamu ya kwanza, ile yenye "Truly", na hii tunayoizungumzia ikafuata mwaka mmoja baadaye.

Nyimbo ni ngapi? Kaseti ya baba ilikuwa na kumi na mbili.

Ni nane tu, jumla yake kama dakika arobaini hivi. Upande wa kwanza: "Can't Slow Down", "All Night Long (All Night)", "Penny Lover" na "Stuck on You". Upande wa pili: "Love Will Find a Way", "The Only One", "Running with the Night", na mwisho kabisa "Hello".

Kaseti ya baba naifahamu vizuri hata kabla hujanionyesha. Zamani ulikuwa unakwenda dukani na orodha yako, unarekodiwa, na mwenye duka hakupenda utepe ubaki mtupu. Kaseti ya dakika sitini ikiingizwa albamu ya dakika arobaini inabaki na nafasi, kwa hiyo anakujazia na nyingine za Lionel Richie alizo nazo. Ndiyo sababu watu wazima kabisa hubishana nami kwamba "Say You, Say Me" imo kwenye albamu hii. Haimo. Ile ni ya mwishoni mwa 1985, ilitengenezewa filamu, ikamletea tuzo ya Oscar, kisha ikaingizwa kwenye albamu ya 1986, Dancing on the Ceiling. "Truly" haimo. "Easy" ndiyo kabisa haimo, ni ya enzi za Commodores.

"Hello" si ya Adele?

Adele ana "Hello" yake, ya mwaka 2015. Hii ya Lionel ina umri wa kumzidi Adele mwenyewe. Ukiniomba "Hello" nitatazama kwanza mvi zako ndipo niamue.

Ni kweli "Hello" ilikuwa itupwe?

Lionel mwenyewe husimulia hivi. Prodyuza wake, James Anthony Carmichael, alimtembelea nyumbani, naye Lionel kwa utani akamkaribisha kwa maneno yale yaliyokuja kuwa kiitikio, ya kumuuliza mtu kama ni yeye anayemtafuta. Carmichael akamwambia amalizie wimbo huo. Lionel akaona ni mzaha, tena wa kizamani, lakini akaendelea kuandika mpaka akaanza kuuamini. Ulifikiriwa kwa albamu ya 1982 ukaachwa nje. Mkewe wa wakati huo, Brenda, ndiye aliyeng'ang'ania kwamba safari hii uingie.

Ulipotolewa peke yake mwaka 1984 ulishika nambari moja Marekani kwa majuma mawili na Uingereza kwa majuma sita. Ukiusikiliza bila kufikiria harusi, ni wimbo wa ajabu. Kinanda kinaanza chenyewe, hakuna mbwembwe, na mwanamume anamwaga moyo wake kwa mtu ambaye huenda hata hajui kama yupo. Haombi jibu. Sauti yake inabaki chini karibu muda wote, ikipanda inapanda kidogo tu, kama mtu anayeogopa kuwaamsha walio chumba cha pili.

Na ile video ya msichana asiyeona?

Iliongozwa na Bob Giraldi, aliyeongoza pia "Beat It" ya Michael Jackson. Lionel ni mwalimu, anampenda mwanafunzi wake kipofu kimyakimya, na mwisho anagundua kwamba msichana amekuwa akiufinyanga uso wake kwa udongo muda wote huo. Siku hizi vijana wanaicheka, na sehemu ya mwalimu kumnyemelea mwanafunzi kwenye korido kwa kweli haijazeeka vizuri. Kile kinyago nacho hakifanani na Lionel hata kidogo. Mwenyewe amesimulia kwamba alimlalamikia Giraldi kuhusu jambo hilo, akajibiwa kwamba msichana ni kipofu.

Wengi wetu wa Tanzania Bara tuliufahamu wimbo miaka kumi kabla ya kuiona video, maana televisheni huku ilianza mwaka 1994. Wenye ndugu wenye deki ndio waliowahi. Mimi nilikuwa nimeshamchora msichana wangu kichwani, na siku nilipoona udongo ule nilisikitika kidogo.

Yale maneno ya katikati ya "All Night Long" ni Kiswahili? Nasikia "jambo".

Swali hili halinikosi. "Jambo" unalisikia kweli, lakini maneno yanayolizunguka si ya lugha yoyote. Lionel amesimulia kwamba alitaka kipande chenye ladha ya Afrika, akampigia simu mtu anayemfahamu Umoja wa Mataifa amsaidie kupata maneno, akaambiwa kwamba lugha za Afrika ni nyingi mno, si kitu cha kutafutiwa kwa haraka. Alikuwa na wimbo wa kumaliza. Akatunga sauti zake mwenyewe zinazokaa vizuri mdomoni, na zikabaki.

Sisi tuliokua tukifundishwa kwamba salamu ni "hujambo" na jibu ni "sijambo", na kwamba "jambo" tupu ni ya kumkaribishia mtalii, tuna haki ya kucheka. Ila neno hilo lilikuwa limeshaanza kusafiri wakati ule. Them Mushrooms wa Mombasa walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakaurekodi upya, ukapigwa Ulaya. Sisemi Lionel aliwasikia. Nasema tu kwamba mwaka 1983 ungeweza kulikuta "jambo" mahali pengi ambapo hapakuwa na Mswahili hata mmoja.

Ukumbini kipande hicho kina faida moja kubwa: hakuna anayekijua, kwa hiyo hakuna anayeona aibu. Profesa na dereva wake wanakosea pamoja.

Basi yeye ni Mjamaika? Lafudhi ile ni ya wapi?

Si Mjamaika. Ni mtu wa Alabama aliyeazima lafudhi ya Karibea kwa ajili ya wimbo mmoja. Mdundo ule una harufu ya kalipso, ngoma ndogondogo zimepigwa na Mbrazili Paulinho da Costa, na zile kelele za watu wanaosherehekea ni waimbaji waliokusanywa studio. Mmoja wa waitikiaji wa Lionel enzi hizo alikuwa kijana asiyejulikana aitwaye Richard Marx, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota kwa jina lake mwenyewe. Kwenye albamu wimbo unapita dakika sita. Mimi napiga huo mrefu, ule uliokatwa kwa ajili ya redio unaisha watu ndiyo kwanza wamevua viatu.

Ulikaa nambari moja Marekani majuma manne kuanzia Novemba 1983.

Kwa nini "Stuck on You" inasikika kama muziki wa ng'ombe na kofia?

Kwa sababu ni kantri, na aliukusudia uwe hivyo. Alabama ndiko nyumbani kwake, na redio za kule zilijaa kantri, kwa hiyo hakwenda kuuazima mbali. Ulifika nambari 3 kwenye chati kuu na 24 kwenye chati ya kantri, jambo lisilo dogo kwa mwimbaji mweusi wa Motown mwaka 1984. Baadaye sana, mwaka 2012, alizirudia nyimbo zake na waimbaji wa kantri kwenye albamu aliyoiita kwa jina la mji wake, Tuskegee, na ikafika kileleni Marekani.

Hapa ndipo ninapoiona akili ya albamu nzima. Marekani ya wakati ule redio ziligawanyika: stesheni za weusi, za pop, za roki, za kantri, za watu wazima. Lionel alimtungia kila mwenye redio wimbo wake. "Running with the Night", aliyoiandika na Cynthia Weil, ni ya wale wa roki, na ndani yake kuna gitaa la Steve Lukather wa bendi ya Toto linalounguza. "Penny Lover", aliyoitunga na Brenda, ni bluzi kwa maana tunayoipa sisi, ile ya kucheza mmekumbatiana taa zikizimwa. "Stuck on You" ni ya kantri. "All Night Long" ni ya kila mtu mwenye miguu. Wapo wahakiki waliomwona kama mfanyabiashara kwa sababu hiyo. Mimi nalipwa kufanya kazi hiyohiyo kila Jumamosi, na nakuambia kumpendeza kila mtu ukumbini bila kumchefua yeyote ni kazi ngumu kuliko kuwapendeza wajuzi kumi.

Kwenye maelezo ya albamu nimeona jina Calvin Harris. Ni yule DJ?

Hapana. Yule ni fundi mitambo wa studio aliyefanya kazi na Commodores na Lionel. DJ wa Scotland alizaliwa Januari 1984, miezi mitatu baada ya albamu kutoka, na Calvin Harris si jina alilopewa na wazazi.

Iliuza kiasi gani?

Marekani pekee ilithibitishwa kuuza nakala milioni 10, kiwango wanachokiita almasi, na duniani kote hutajwa zaidi ya milioni 20. Singo zilikuwa tano na zote tano ziliingia kumi bora za Marekani. Albamu yenyewe ilishika nambari moja kwa majuma matatu mwishoni mwa 1983, kisha Thriller ya Michael Jackson ikarudi kukalia kiti chake. Uingereza pia ilifika kileleni.

Ilikuwaje ikaishinda Purple Rain?

Hili ndilo swali la wajuzi, na huulizwa kwa hasira. Usiku wa tarehe 26 Februari 1985, Los Angeles, Grammy ya Albamu ya Mwaka iligombewa na tano: Purple Rain ya Prince, Born in the U.S.A. ya Bruce Springsteen, Private Dancer ya Tina Turner, She's So Unusual ya Cyndi Lauper, na hii. Kwanza niondoe utata wa tarehe. Albamu ya Oktoba 1983 ilishindanaje na za 1984? Kalenda ya Grammy ya wakati ule ilianza Oktoba na kuishia Septemba, kwa hiyo ya Lionel ilikuwa ya kwanza kabisa kuingia uwanjani, na wapiga kura waliishi nayo mwaka mzima.

Haki ilitendeka? Ukiniuliza nyumbani, saa tano usiku, nitakuambia Purple Rain ni kazi kubwa zaidi. Ina hatari. Unaisikiliza hujui mwenye gitaa atafanya nini dakika inayofuata. Kwenye Can't Slow Down kila kitu unakijua kabla hakijafika, na unakisubiri kwa furaha. Lakini wapiga kura wa Grammy ni watu wa kazi: waimbaji, wapiga vyombo, mafundi wa studio. Waliisikia albamu ambayo hakuna kinanda kilicholegea wala sauti iliyowekwa pasipo mahali pake, wakampa fundi mwenzao. Lionel na Carmichael walipata pia tuzo ya prodyuza wa mwaka, wakafungana na David Foster, ambaye naye alikuwa ameandika na Lionel "The Only One" kwenye albamu hiihii. Yaani hata aliyefungana nao alikuwa wa nyumbani.

Kilichonifurahisha zaidi usiku ule ni Tina Turner. Mwaka 1984 alizunguka Marekani akimfungulia Lionel jukwaa kwenye ziara ya albamu hii, mwanamke ambaye makampuni mengi yalikuwa yamemhesabu kama amekwisha. Miezi michache baadaye wakawa wagombea wa tuzo moja, na ingawa hiyo aliikosa, akaondoka na ile ya Rekodi ya Mwaka.

Ni kweli aliimba kwenye Olimpiki?

Ndiyo, kwenye kufunga michezo ya Los Angeles, tarehe 12 Agosti 1984. Aliimba "All Night Long" iliyorefushwa, uwanja umejaa wanariadha na vijana wanaocheza breakdance. Watu wa huku tuna sababu ya kuikumbuka jioni ile kwa jingine pia. Marathoni ya wanaume iliishia uwanja huohuo siku hiyohiyo: Mreno Carlos Lopes alishinda, Juma Ikangaa wetu akawa wa sita, na Joseph Nzau wa Kenya akamfuata wa saba. Kenya ilikuwa imeshapata dhahabu yake kwa Julius Korir, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kila nikiona picha za Lionel kwenye jukwaa lile huwa namtafuta Ikangaa miongoni mwa watu. Sijampata bado.

Na habari ya Kiswahili kwenye "We Are the World"?

Si ya albamu hii lakini imeshikana nayo. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, Lionel aliongoza hafla ya American Music Awards, akatoka hapo moja kwa moja kwenda studio kurekodi wimbo alioutunga na Michael Jackson kwa ajili ya wenye njaa Ethiopia. Filamu ya mwaka 2024 kuhusu usiku ule inaonyesha Stevie Wonder akipendekeza waweke maneno ya Kiswahili. Ukazuka mjadala saa za usiku wa manane, na mwimbaji wa kantri Waylon Jennings akaondoka zake. Hatimaye ikasemwa kwamba watu wa Ethiopia hawazungumzi Kiswahili. Lugha yetu ikakosa nafasi, na kwa haki kabisa: mwenye njaa wa Kiamhara angefaidika nini na "habari gani"?

Kuna nyimbo za kuruka?

"Love Will Find a Way" huwa naiacha ipite nikienda kuchukua maji. "The Only One" ni nzuri lakini inakaa karibu mno na "Truly", na "Truly" inashinda. Wimbo uliobeba jina la albamu una besi tamu na hauna zaidi.

Nitafute toleo gani?

Santuri ya Motown ya zamani ukiipata haijakwaruzwa, chukua. Kuna toleo la mwaka 2003 la diski mbili lenye nyongeza za studio, linafaa kwa mtu anayependa kusikia nyimbo zikiwa bado mbichi. Kama unataka tu kusikiliza, hata simu inatosha, ila tumia spika. "Running with the Night" kwenye vile vispika vya simu ni kama pilau bila bizari.

Nipange nyimbo hizi wapi kwenye ratiba ya harusi?

"Penny Lover" wakati wa kula, sauti chini. "Stuck on You" kwa wazazi wa pande zote mbili, maana ni wimbo wa mtu aliyezunguka akagundua nyumbani ni wapi, na wazazi huelewa. "All Night Long" baada ya zawadi, kamwe si kabla, la sivyo watu hawatarudi kwenye foleni ya kutoa zawadi na kamati itakulaumu wewe.

"Hello" ndiyo vita vyangu vya kila msimu. Maharusi wanaitaka ya kuingilia ukumbini. Nawaeleza: huu ni wimbo wa mwanamume anayempenda mtu kwa mbali, hajamwambia, hajui kama anapendwa, na wimbo unaisha hajapata jibu. Ninyi mmeshavishana pete mbele ya padri asubuhi. Wananisikiliza, wanatazamana, kisha bibi harusi anasema, "Sawa DJ, tumekuelewa. Lakini tunaitaka hiyohiyo."

Basi naipiga.